Begi la Mjumbe

Kila siku baada ya masomo Sitara alipitia kibandani kwa mama yake, muuza sufuria, karibu na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Alipanga sufuria kwa ukubwa, akafagia, ndipo akafungua madaftari yake. Mwaka huo wageni walizidi wateja, kwa sababu mama yake, Bi. Tatu, alikuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa chama chake. Wanachama walikuwa wamemchagua aende Dodoma kupiga kura. Watu watatu waliomba kugombea urais kupitia chama hicho, na wajumbe ndio wangeamua nani apeperushe bendera.

Mama yake Evelyn, mwenye duka la jumla ng'ambo ya barabara, alikuwa mjumbe pia. Evelyn na Sitara walikaa dawati moja darasa la sita. Jumatatu moja Evelyn alikuja na begi jipya la magurudumu, la zambarau. Alisema limeletwa na watu wa mgombea mmoja. Sitara alilisifu, lakini moyo ulimuuma. Mkanda wa begi lake ulikuwa umeshonwa mara mbili. Kutwa nzima macho yake yalikuwa kwenye yale magurudumu. Evelyn alipomwomba kifutio alimwambia hana, na kumbe kilikuwa kiganjani.

Jioni alimuuliza mama yake kwa nini wao hawakuletewa. Bi. Tatu akasema waliletewa, akarudisha. Jibu hilo lilimchoma Sitara kuliko begi lenyewe.

Alhamisi mama yake alipokwenda kuchukua mzigo, alifika Mzee Uledi, mpambe wa mgombea yule, na boksi kwapani. Alifungua daftari lenye majina ya wajumbe, akasema mtu yeyote wa nyumbani anaweza kupokea. Sitara alisita, kisha akaandika jina la mama yake na kusaini. Ndani mlikuwa na kitenge na begi la kijani. Kitenge alikificha nyuma ya masufuria.

Kesho yake aliingia darasani akiliburuta begi ili Evelyn alione. Evelyn hakulisifu.

"Kumbe mama yako naye amechukua?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mama yangu humwonea wivu mama yako, anasema Bi. Tatu analala usingizi kwa kuwa hadaiwi na mtu. Yeye, yule mzee aliyeleta begi anampigia simu kila siku kumkumbusha kuwa jina lake limo daftarini."

Mchana Sitara alimweleza mama yake kila kitu. Bi. Tatu hakumgombeza. Alifunga kibanda, akakunja kitenge, akachukua na begi la kijani, wakaenda eneo la Posta kwenye ofisi ya Mzee Uledi. Mzee alicheka, akasema zawadi hairudishwi. Sitara akasogea mbele.

"Shikamoo, babu. Mimi ndiye niliyesaini. Mama hakujua. Naomba ulifute jina lake."

Mzee aliacha kucheka. Alilikata jina kwa kalamu, Bi. Tatu akiangalia. Habari zilipomfikia Mama Evelyn, alivuka barabara na begi la zambarau mkononi, akamwomba Bi. Tatu amsindikize akarudishe.

Dodoma, hakuna mgombea aliyevuka nusu ya kura katika duru ya kwanza. Wajumbe wakapiga tena kwa wawili walioongoza, na mshindi akapatikana. Bi. Tatu aliporudi, Sitara na Evelyn walimuuliza alimchagua nani.

"Kura ni siri, wanangu," alisema, akiwakalisha kando yake. "Lakini hili si siri. Kura ile haikuwa mali yangu. Nilikabidhiwa na watu wa hapa, wauza nyanya na wabeba mizigo, ambao hawakuweza kufika Dodoma. Ningeibadilisha kwa begi, ningekuwa nimewauza. Na wewe Sitara, ukikodolea sana macho cha mwenzako, utatoa hata kisicho chako, kama jina langu, ili upate kama hicho."