Nilifunga Kamera, Nikamgonga Mama Yangu

Nina miaka arobaini na sita, baba wa watoto wanne. Tunaishi karibu na Mahango, magharibi mwa Uganda, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kubeba wageni kwa gari kutoka Kasese mpaka Mweya, kule mbugani. Ninayoandika hapa hata mke wangu hayajui...

Gari langu lilikuwa kuukuu. Madereva wenzangu walianza kuja na magari yenye kamera ya nyuma. Ukitia rivasi tu, skrini inawaka, wageni wanafurahi. Langu lilikuwa na kengele ya rivasi peke yake, tii... tii... tii, na wenzangu waliicheka. Niliona aibu. Aibu ya bure kabisa!

Nyumbani kengele ile ilikuwa na kazi. Macho ya mama yangu yalikuwa yamefifia, anaona ukungu tu. Kila siku alikaa uani akigeuza kahawa tuliyoanika kwenye turubai. Akiisikia kengele anajua gari linarudi nyuma, anainuka, anasogea ukutani. Hakuna aliyemfundisha, alizoea mwenyewe.

Nikampelekea gari Kambale, fundi wa umeme wa magari pale Bwera, mtu wa kutoka Beni, upande wa Kongo, baba wa ubatizo wa binti yangu. Nilimwamini kuliko ndugu! Nikamwambia afunge kamera lakini kengele asiiguse, na sababu nikamweleza. Akaapa kwa jina la Bikira Maria.

Alifanya nini? Aliing'oa, kama nilivyokuja kugundua baadaye, akaenda kuifunga kwenye pikapu ya mteja mwingine! Waya wake akautumia kuungia kamera, na kamera yenyewe akaibandika kwa gundi badala ya skrubu. Mimi niko ndani, vioo vimepanda, redio inaimba, nitajuaje?

Siku ya nne mama aliniita mbele ya mgeni.

"Masereka, gari yako siku hizi inakuja kimya. Siisikii."

Nikamjibu kwa ukali kwamba sasa hata masikio yamezeeka. Mgeni akacheka, nami nikacheka naye. Nikikumbuka kicheko kile najidharau.

Jumamosi asubuhi, mke wangu na watoto wako shambani, nilikuwa nimechelewa kuwafuata wageni. Nikatia rivasi, nikatazama skrini. Gundi ilikuwa imelegea kwa jua, kamera imepinda, inaonyesha migomba ya jirani tu. Nikaona ni peupe. Shingo sikugeuza. Nigeuke kwa nini, na kamera ninayo?

Nikasikia kitu kikivunjika... halafu mama akiita jina langu, mara moja tu. Ilikuwa nyonga. Hakusimama tena kwa miguu yake.

Kambale alikuja hospitalini na mikate, akapiga magoti akaongoza rozari! Unafiki ulioje! Nilimvuta nje, nikamuuliza kengele iko wapi. Hata haya hakuona.

"Ile ilikuwa kelele ya bure," akasema. "Kamera nilikuwekea. Ni weye haukuangalia."

Nilitema mate chini. Nilimchukia mtu yule, lakini neno lake la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma.

Sijafika kwenye uchafu wenyewe. Watu walipoanza kumiminika kumwona, mama aliwaambia wote kwamba aliteleza kwenye kahawa. Hakuniuliza, alisema tu. Na mimi nimesimama kando ya kitanda... nikaitikia! Nikaongeza hata kwamba turubai lilikuwa na umande. Mwanamume mzima!

Miaka miwili alilala ndani. Nilimgeuza, nilimwosha, na kila aliyeuliza aliambiwa hivyo hivyo. Siku moja tukiwa wawili nilianza kumwomba msamaha. Akanishika mkono.

"Nyamaza, mwanangu. Watu wakijua, nani atapanda gari yako?"

Mnajua nilijisikiaje? Nilifurahi. Ndiyo, ndugu zangu, nilifurahi! Nikanyamaza kama nilivyoambiwa.

Alipofariki, kwenye mazishi katekista alisoma maisha yake, akasema aliteleza uani. Watu wakatikisa vichwa. Wakaja mmoja mmoja kunishika mkono, wakinisifu kwa jinsi nilivyomtunza. Nikapokea sifa zote, asante, asante... Tangu siku ile mkono huu ninauonea kinyaa.

Sasa nasema: mama yangu hakuteleza. Mimi ndiye niliyemgonga.

Wewe unayesoma, kama una gari, funga kamera ukitaka. Lakini kabla ya kurudi nyuma shuka, zunguka, tazama kwa macho yako. Na ukimuumiza mtu, nakuomba sana, usimwache akubebee uongo wako. Sema angali hai, sema mbele yake! Mimi nimechelewa. Yule aliyestahili kunisikia nikisema haya amelala chini ya udongo, na kijiji kizima bado kinaniita mtoto mwema.