Nani Anamtazama Otto?

Mavuno ya ngano yalikwisha kabla tu ya Krismasi. Mashine zikarudishwa bandani, na nyumba ya akina Noske ikaanza kuzungumza habari moja tu: bahari.

Miaka yote Lachlan Noske huwa na sababu ya kuahirisha. Kondoo wanazaa. Kondoo wananyolewa. Ngano inapandwa. Mara hii hakuwa na sababu. Mwezi wa Januari wangekwenda kupiga kambi pwani pamoja na kaka zake na wake zao, kama ukoo wao ulivyofanya tangu zamani. Lakini safari hii ilikuwa na mgeni. Otto, mtoto wa kwanza wa Lachlan, alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na alijua kukimbia kabla hajajua vizuri kutembea.

Tegan, mama yake Otto, alikuwa amechoka. Si kwa kukosa usingizi tu. Tangu mtoto azaliwe hajawahi kukaa mahali akawaza jambo lake mwenyewe mpaka mwisho. Likizo hiyo aliingoja kama mgonjwa anavyongoja dawa, na mimi simlaumu.

Jumapili hiyo walikaa barazani baada ya chakula, wakapanga safari. Mzee Merv, baba yake Lachlan, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, ingawa hakuna aliyemchagua.

"Hema kubwa lipo," Merv alisema. "Jiko la gesi lipo. Nyavu za kaa zipo. Gongo la kriketi lipo."

"Kitanda cha Otto?" Tegan aliuliza.

"Kipo."

"Na maziwa yake? Mafuta ya kuzuia jua?"

"Mama Otto, unahama au unakwenda likizo? Mimi nilikulia kwenye ufuko ule na suruali moja na kipande cha mkate."

"Na suruali yenyewe unayo mpaka leo," Lachlan alisema. Wote wakacheka, hata mzee mwenyewe.

Jirani yao Coralie alikuwepo pia. Shamba lake limepakana na lao, na kila kiangazi huwafundisha watoto wa mji kuogelea. Siku hiyo alikuja kwa ajili ya Pip, mbwa wao wa kuchunga kondoo. Kambi ya pwani haipokei mbwa msimu wa likizo, kwa hiyo Pip angebaki kwa Coralie.

"Nimchukue leo, azoee kwangu mapema," Coralie alisema.

Pip hakutaka kwenda. Ilibidi Lachlan ambebe mpaka kwenye pikapu. Mbwa akakaa nyuma, akaitazama baraza mpaka gari lilipopotea kwenye vumbi.

Mipango iliendelea. Lachlan alitaka waondoke alfajiri. Merv alitaka wapite kwanza kununua chambo. Tegan aliingia jikoni kuosha vyombo. Alipotoka alikuta wanaume wawili wameinamia ramani.

"Otto yuko wapi?" aliuliza.

"Si uko naye?" Lachlan alijibu.

"Nilikuachia wewe."

"Baba?"

"Mimi nilidhani yuko ndani na mama yake," Merv alisema.

Walitazama uvunguni mwa vitanda. Walitazama chini ya gari, wakatazama bandani.  Tegan alikimbia kuteremka mteremko mpaka kwenye lambo, mahali kondoo wanapokunywa maji.

Otto alikuwa majini. Maji yalimfika magotini. Alikuwa akirusha mabonge ya udongo na kutazama viduara vikipanuka. Kingo za lambo lile zina tope la kuteleza, na hatua moja mbele yake maji yalikuwa marefu. Hakulia wala hakuita mtu. Alikuwa na furaha. Tegan aliingia na viatu vyake, akamnyakua, akambana kifuani mpaka mtoto akaanza kulia.

Jioni hiyo nyumba ilikuwa chungu.

"Vyombo gani vinaoshwa muda wote ule?" Lachlan aliuliza.

"Na wewe hapo barazani ulikuwa umefungwa kamba?" Tegan alimjibu. "Basi sikiliza. Hatuendi."

"Hatuendi wapi?"

"Baharini. Hapa kuna lambo moja tu na limetushinda. Kule maji hayana mwisho. Waambie kaka zako waende bila sisi."

Lachlan alitoka barazani. Baadaye alimpigia Coralie simu, kwa kuwa hakujua ampigie nani mwingine.

Asubuhi Coralie alifika. Alimkuta Tegan akianika nguo, Otto amefungwa kwenye kigari chake, akipiga kelele za kutaka kushuka.

"Nimekuja kukuomba radhi," Coralie alisema. "Jana niliondoka na mlinzi wa mwanao, wala sikujua."

"Mlinzi gani?"

"Pip. Jana nilimwona hapa barazani. Kila Otto akielekea kwenye ngazi, Pip anakwenda mbele yake anamzuia. Otto akigeuka upande wa pili, Pip naye yuko huko. Anavyofanya kwa mwanakondoo. Nikadhani wanacheza. Lachlan aliponipigia simu ndipo nikaelewa."

Tegan alishusha shati lililolowa. Alikumbuka mara ngapi alitoka nje akamkuta Otto kasimama katikati ya uwanja, amenuna, na mbwa mbele yake. Mara zote alicheka.

"Kwa hiyo mwanangu amelelewa na mbwa," alisema, na machozi yakamtoka.

"Mmemlea nyinyi, mwanangu. Mbwa alikuwa anaziba ufa tu. Na kwa vile ulizibwa vizuri, hamkuuona."

Lachlan na Merv walikuja kunywa chai. Coralie akawauliza, "Huko pwani mtakuwa watu wazima wangapi?"

"Tisa," Merv alisema. "Macho kumi na nane. Mtoto atapotelea wapi?"

"Jana mlikuwa watatu. Macho sita. Yalikuwa wapi?"

Mzee akaanza kukoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa.

"Sikusudii kumwaibisha mtu," Coralie alisema. "Hili ninaliona kila kiangazi. Watu wakiwa wengi ndiyo hatari inazidi. Kila mmoja anaona wenzake wapo, kwa hiyo anatulia. Mama anasema baba yupo. Baba anasema babu yupo. Kumbe mtoto hana mtu. Na mtoto mdogo akizama hapigi kelele, wala hapungi mikono. Anaingia majini kimya. Muda wa kujibu simu tu unatosha."

"Tutamvalisha maboya ya mikononi," Lachlan alisema.

"Yale ni ya kuchezea. Yanachomoka na yanapasuka. Ukimpandisha kwenye mashua mvalishe jaketi la uokozi, hiyo ni lazima. Lakini hakuna kitu cha kuvaa kinachochukua nafasi ya mtu."

"Basi tufanyeje?" Tegan aliuliza. Lilikuwa swali la kweli. Bado alikuwa hajaamua kwenda.

"Tafuteni kofia moja. Anayeivaa ana kazi moja, nayo ni Otto. Hashiki simu, hasomi, hanywi bia, hageuzi soseji. Otto akiwa majini au karibu na maji, mwenye kofia awe karibu naye, akinyoosha mkono amfikie. Akichoka haiweki kofia kwenye kiti. Anamkabidhi mtu mkononi, anamwambia, 'Kofia ni yako.' Na yule anajibu, 'Kofia ni yangu.' Asipojibu, hujakabidhi. Na zamu ziwe fupi, maana macho yanachoka upesi kuliko miguu."

"Kwa hiyo mimi nivae kofia kama askari wa barabarani, nimlinde mjukuu wangu mwenyewe?" Merv aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Ufuko mzima utanicheka."

"Watakucheka. Kicheko hakijaua mtu."

 Kabla ya jua kuchwa Lachlan alikuwa nje, anachimba mashimo ya nguzo. Alichukua wavu wa waya uliobaki kwenye zizi la kondoo, akazungushia uwanja wa nyuma ya nyumba. Aliweka geti linalojifunga lenyewe, na komeo lake juu, mahali Otto hawezi kufika. Tegan alimtazama kutoka dirishani. Hasira yake ikaanza kupungua.

Kofia ilinunuliwa mjini. Ilikuwa ya manjano, yenye ukingo mpana, mbaya kiasi kwamba hakuna mtu angeivaa akasahau kuwa ameivaa. Waliizoea kwanza nyumbani. Mara ya kwanza Lachlan aliiacha juu ya meza, akaenda kutazama matanki ya maji. Tegan alimfuata mpaka huko na mtoto kiunoni, akamvika kofia. Lachlan hakurudia tena.

Mpango wa safari nao ulibadilika. Hema lingesimamishwa mbali na maji. Ndoo zingemwagwa kila baada ya kutumika, na sanduku la barafu lingefungwa kila wakati, maana mtoto wa umri ule anaweza kuzama hata kwenye ndoo. Lachlan aliwapigia kaka zake simu, akawaeleza habari ya kofia. Mmoja alicheka sana. Lachlan akamwambia habari ya lambo, na kicheko kikakatika.

"Unaonaje?" Lachlan alimuuliza mkewe.

"Twende," Tegan alisema.

Wakaenda.

Pwani ilikuwa na joto, nzi na harufu ya soseji. Kofia ilizunguka. Lachlan aliivaa, kaka zake waliivaa, wake zao waliivaa. Watu wa mahema ya jirani waliuliza, wakajibiwa, na siku iliyofuata mama mmoja wa hema la pili naye alikuwa na kofia nyekundu. Merv peke yake aliikwepa. Zamu yake ikikaribia, alikuwa na samaki wa kusafisha.

Alasiri moja kaka wote walikuwa wakicheza kriketi mchangani. Tegan alikuwa na kofia kichwani, amesimama kando ya Otto penye maji mafupi. Aliyatazama mawimbi kidogo, kisha haraka akarudisha macho kwa mtoto. Merv alikuwa kwenye kiti chake. Aliliona hilo. Akainuka.

"Lete hilo balaa," alisema.

"Una hakika, baba?"

"Nenda ukaogelee. Tangu tuje hujalowa nywele."

"Kofia ni yako," Tegan alisema.

"Kofia ni yangu," mzee alijibu, kwa sauti ndogo, akiangalia kama kuna mtu anasikia.

Tegan aliogelea kupita mahali mawimbi yanapovunjikia. Alizamisha kichwa, masikio yakajaa maji, na dunia ikanyamaza. Hakuwa anamsikiliza mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue hakuwa na haja ya kusikiliza. Alikuwa na raha, raha tupu, na akakaa humo mpaka vidole vyake vikakunjamana.

Aliporudi, alimkuta Merv amesimama palepale, lakini shati lake lilikuwa limelowa mpaka mabegani. Otto alikuwa ameketi mchangani miguuni pake, nywele zinamdondoka maji, anakula mchanga. Kule nyuma mchezo wa kriketi ulikuwa unaendelea. Mtu alikuwa amepiga mpira vizuri na wenzake wanamshangilia.

"Vipi, baba?" Tegan aliuliza.

"Alianguka," Merv alisema. Hakumgeukia. "Kifudifudi, hapo kwenye maji mafupi. Hakutoa sauti. Hakuna aliyegeuka kutazama, na siwalaumu, hapakuwa na cha kusikia."

"Halafu?"

"Nikamwinua. Alikohoa kidogo, akacheka, akataka kurudi. Nimemchunguza, anapumua vizuri. Leo jioni tuendelee kumwangalia. Akianza tena kukohoa, tunampeleka kwa daktari."

Tegan aliinama, akapitisha kiganja mgongoni mwa mtoto. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe kofia, baba."

"Sema kwanza."

"Kofia ni yangu."

"Kofia ni yako," mzee alisema, akamvika kwa mikono yake miwili.

Ndipo alipoondoa macho yake kwa mtoto. Na mzee Merv Noske, ambaye hakulia hata siku ya kumzika mkewe, akalia mbele ya ufuko mzima. Tegan alitamani kugeuka amkumbatie. Hakugeuka. Aliutafuta mkono wa mzee kwa kupapasa, akaushika, akaubana, macho yake yakiwa kwa Otto.