Bahasha ya Faini

Jamani, sikilizeni yaliyompata Baba Pacha, maana yangeweza kumpata yeyote kati yetu.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa tulivu. Pacha walikuwa wanamalizia chai, Mama Pacha anawafunga kamba za viatu. Mara honi ikalia uani mpaka paka akaruka dirishani. Baba Pacha, mwenye maduka matatu ya rangi, hakuwa amechelewa popote. Alipenda tu kukimbiza gari.

Garini, mbele ya kiti chake, aliweka bahasha ya noti. Akisimamishwa kwa mwendo kasi, alilipa huku anacheka. Siku moja alilipa mara mbili: "Afande, niandikie na ya kurudi kabisa, tusisumbuane." Mama Pacha, aliyekaa kando yake, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Juma lile lile jirani yao seremala alikamatwa kwa mwendo kasi akiwa na pikipiki yake. Faini ikawa ile ile. Yeye hakuwa na bahasha, akauza randa yake ya umeme, akabaki kulainisha mbao kwa msasa hadi viganja vikachubuka. Tangu hapo, hata baiskeli zinampita.

Basi sheria ikabadilika, faini ikapimwa kwa kipato cha mkosaji. Baba Pacha akapuuza, na haukupita muda akanaswa karibu na shule ya wanawe. Hakimu akamtoza mapato yake ya siku ishirini. Alirudi nyumbani anafoka.

"Kosa ni moja! Kwa nini sasa mtu kama seremala alipe kiduchu, mimi nikamuliwe hivi?"

Mama Pacha alitua sahani mezani. Alikuwa amechoka kufumba macho kila kona. Kila siku aliogopa kwamba gari lile litamletea maiti, ya wanawe au ya mtoto wa mwenzake.

"Fundi aliuza randa, mume wangu. Wewe uliuza nini?"

Baba Pacha akavuta kiti, akakaa.

"Leo angalau umeumia," mkewe akaendelea. "Afadhali uumie mfukoni kuliko niumie mimi kwa wanangu."

Asubuhi iliyofuata gari lilikwenda taratibu, mwenyewe amenuna. Pacha wakamtania kutoka nyuma, "Baba, konokono ametupita!" Mama yao alikuwa bado anacheka pale binti wa seremala alipochomoka mbele yao karibu na lango la shule, akifukuza daftari lililopeperushwa na upepo.

Breki zikashika. Gari lilisimama hatua mbili tu kutoka kwenye magoti ya mtoto. Binti akaokota daftari, akalipangusa vumbi, akamwona jirani.

"Shikamoo, baba," akasema, akaenda zake darasani.

Baba Pacha akazima gari. Alilia mbele ya wanawe, na Mama Pacha akamshika mkono uliokuwa kwenye usukani.

Jioni walikwenda pamoja karakanani kwa seremala. Baba Pacha akaweka bahasha juu ya mbao.

"Kanunue randa, jirani."

"Ya nini yote hii? Na faini zako je?"

"Sina kazi nayo tena."

FUNZO

Ndugu zangu, faini isiyouma ni ruhusa yenye risiti. Adhabu ya haki humuuma tajiri kama inavyomuuma maskini, na mwenda pole hajikwai. Wewe unayelalamika kwamba sheria hii ni kali, kumbuka yule binti. Aliwahi shule, na daftari lake mkononi.