Pedali ya Tatu

Mvua za El Nino zilikuwa zimewachosha watu wa Nkwenda hata wakaacha kuzilaani. Siku ile ya gulio matope yalifika vifundoni na maharage yalikuwa yakiota ndani ya magunia. Katikati ya tope hilo, mbele ya magunia ya wanunuzi, gari dogo jeupe lilinguruma kwa nguvu bila kwenda popote.

"Mama, shuka basi tusukume gari jepesi!" mpagazi mmoja alipaza sauti.

"Sishuki."

"Unaringa na sisi tunalowa?"

"Sukuma au acha. Sikukutuma."

Aliyejibu hivyo alikuwa Edvina Kobugabe, muuza vitenge, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kilemba cha njano kichwani na gauni la bluu lililomfika miguuni. Chini ya gauni hilo mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba na mfupi kuliko wa kulia, kwa sababu ya ugonjwa wa kupooza uliompata angali mdogo kwao Rugera. Miaka mingi alizunguka magulio juu ya malori, akipandishwa na kushushwa na mikono ya wanaume pamoja na mizigo. Kisha kaka yake Rweyemamu, aliyekuwa Dar es Salaam, akamtafutia gari hili la otomatiki, lisilo na pedali ya klachi, linaloendeshwa kwa mguu wa kulia peke yake. Tangu hapo hakuna mwanamume aliyemshika kiuno bila ruhusa, na ndiyo maana hakushuka.

"Acheni kusukuma, mnajichosha bure," ilisema sauti nyingine, nzito na ya uchovu. Ilikuwa ya Leonidas Twagirayezu, fundi wa malori ya kahawa, mzaliwa wa Kibingo kwa wazazi waliotoka Rwanda. Alikuwa mrefu, ovaroli yake imepauka, na macho yake yalionyesha hajalala vizuri tangu mvua zianze. Aliinama dirishani. "Dada, jaribu rivasi."

Edvina akarudisha gia. Gari likaenda nyuma vizuri kabisa, likasimama.

"Mbele halitaki, nyuma linataka," Leonidas alisema.

"Kama wanaume wengi."

Wapagazi wakacheka. Leonidas naye akajikuta anacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. "Basi nenda nyuma mpaka kwangu. Ni pale juu kwenye migomba."

"Kinyumenyume? Soko zima linanitazama!"

"Limeshakutazama, waitu, dada yangu. Bora lione kitu cha maana."

Basi akageuza shingo, mkono mmoja juu ya kiti, akaliendesha gari kinyumenyume katikati ya vibanda, bila kugusa hata fungu moja la nyanya. Leonidas alimfuata kwa miguu akikanyaga matope. Kilichoonekana kwake kilikuwa kilemba na shingo tu, lakini vilimtosha. Akampenda palepale, mjinga yule, kabla hajajua hata jina lake.

Gari likabaki pale, ikawa kila siku ya gulio Edvina, akija tena kwa malori, anapita kwa fundi. Kampire, mama yake Leonidas, alimpikia ndizi na maharage na kumkalisha kwenye kiti chenye mto.

"Gari langu linaendeleaje?" Edvina humwuliza fundi.

"Linakungoja, kipenzi."

"Nimeuliza gari, sijauliza fundi."

"Fundi naye anakungoja. Mbona humjulii hali?"

"Fundi namwona. Anakula ndizi zangu."

Walicheka hivyo jioni nyingi, mvua ikipiga mabati. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Leonidas hakulisema. Injini za malori alizijua kama mifuko ya ovaroli yake, ila giaboksi ya otomatiki hakuwahi kuifungua maishani. Alipowauliza mafundi wenzake walijibu kwa kauli moja, na Celestin wa Kayanga ndiye aliyepaza sauti zaidi: "Toa takataka hiyo! Ninayo giaboksi ya mkono, na pedali zake zote. Chukua, umfungie, atakushukuru."

Leonidas akaichukua. Si kwamba hakuona jinsi Edvina anavyochechemea. Aliona, akapiga hesabu yake ya mapenzi: Edvina atahitaji dereva, na dereva atakuwa yeye. Aliona ni jambo zuri mno hata akanunua shati jipya kwa ajili ya kulitamka.

Edvina alifika, akafungua mlango wa gari, akaketi. Akatazama chini.

"Hii ya tatu ni ya nani?"

"Ni klachi." Leonidas alisimama mlangoni na shati lake jipya. "Usijali, mpenzi. Nitakuendesha mimi. Gulio lolote unalotaka, mpaka tuzeeke."

Ilikuwa posa. Maskini, ndivyo alivyojua kuposa, na aliifanyia mazoezi asubuhi nzima. Edvina aliweka mkono juu ya goti la kushoto.

"Kwa hiyo mimi ni abiria."

"Wewe ni malkia! Malkia huendeshwa."

"Wanaume wamenibeba tangu nina miaka minne, Leo. Hukuniuliza. Umenitoa kwenye usukani wangu na unangoja nikushukuru?"

"Nilitaka kukupunguzia taabu."

"Taabu yangu sasa ni wewe."

Akatoka. Barabarani lilipita lori la ndizi, akalisimamisha. Leonidas alimkimbilia, akanyoosha mkono kumpandisha, Edvina akaukataa. Akapandishwa na utingo asiyemjua, aliyemshika kiuno na kumsukumia juu ya mikungu. Leonidas alishuhudia yote akiwa kando ya barabara, na hapo, kwa kuchelewa, ndipo alipoelewa alichofanya.

Vijana wa siku hizi wangepigiana simu, wakatukanana, wakamalizana kabla ya chakula cha jioni. Siku hizo Nkwenda hapakuwa na simu ya kumalizia ugomvi. Salamu alizotuma Leonidas kwa madereva ziliishia njiani. Uvumi ndio uliofika Rugera salama, kwamba gari la Edvina limechinjwa, na matumbo yake yametandazwa sebuleni kwa Kampire.

Na uvumi ulisema kweli. Leonidas alikuwa ameishusha giaboksi ya Celestin akiwa chali matopeni, mabega yakimwuma, akang'oa pedali zote na kurudisha zile mbili za zamani. Kisha akaikokota ile ya otomatiki mpaka ndani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pakavu. Alipoifungua, harufu ya kuungua ilijaa nyumba. Pleti za klachi ya ndani, ile inayopeleka gari mbele, zilikuwa nyeusi, zimekwisha. Kila kipande alichotoa alikiweka kwenye mkeka kwa mpangilio, na kila kimoja alikichora ukutani kwa mkaa, maana aliogopa. Alikwenda Kampala juu ya magunia kutafuta pleti na mipira yake, akamsikiliza muuza vipuri aliyemweleza kazi kwa haraka, akarudi ana homa. Pleti mpya akaziloweka mafuta kwenye sufuria ya mama yake ya sherehe.

"Mwanangu," Kampire alimwambia akiruka vyuma kwenda kulala, "ng'ombe akishachinjwa hasimami tena."

"Huyu atasimama, mama."

"Na yule binti?"

Leonidas aliokota mkaa wake. Alikuwa akitazama ukuta.

Mkesha wa Krismasi Kampire alifanya lililopasa. Nyumba za huku sakafu hutandikwa nyasi, na sikukuu haiwezi kukukuta kwenye nyasi kuukuu. Akainua mikeka kwa uangalifu mkubwa, akakwangua nyasi zote, akazimwaga nyuma kwenye migomba, akatandika mbichi. Leonidas alipoingia kuanza kuifunga giaboksi, gololi moja ya chuma, ndogo kuliko punje ya mahindi, haikuwepo.

Ndivyo Edvina alivyowakuta. Alikuja na Polikarpi, dereva wa lori, na kamba nene ya kulivuta gari lake liondoke. Mama na mwana walikuwa wamepiga magoti kwenye lundo la nyasi, manyunyu yakiwalowesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanjye. Usiniulize kitu. Nimetupa kazi yote ya mwanangu jalalani."

Edvina akaingia ndani. Aliona vyuma vimejipanga kuanzia mlangoni mpaka kitandani kwa mama, na ukuta mzima umejaa michoro ya mkaa. Akatoka akachungulia gari lake. Pedali mbili. Ile giaboksi ya mkono ilikuwa chini ya migomba, kuku wamelala juu yake. Hasira aliyokuja nayo kutoka Rugera ikamtoka, akabaki amechoka tu.

"Unatafuta nini, Leo?"

"Gololi. Isipokuwepo mafuta yanapita njia mbaya, gari haliendi."

"Ukiipata litakwenda?"

"Sijui." Alifuta uso kwa kiganja chenye tope. "Sijawahi kufunga kitu hiki. Ni mara yangu ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uendelee kuja."

Edvina akamgeukia Kampire. "Mama, una redio mbovu?" Mafundi cherehani wanaonunua vitenge vyake huokota sindano zilizoanguka kwa sumaku ya spika. Redio ilipoletwa na sumaku ikang'olewa, akaketi juu ya nyasi zilizolowa, na gauni lake zuri, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, akaanza kupitisha sumaku polepole, shada kwa shada. Polikarpi alikohoa, akangoja, akakunja kamba yake na kwenda zake.

Mwishowe kitu kikagonga sumaku, tik. Edvina akaifungia gololi kiganjani.

"Nipe, mpenzi."

"Omba msamaha kwanza."

"Nisamehe. Nilikuona unachechemea, nikadhani kazi yangu ni kukubeba."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka, Edvina. Nataka tu kukuona unaondoka mwenyewe. Halafu, ukipenda, urudi mwenyewe."

Akafumbua kiganja.

Muuza vipuri alisema gololi zishikizwe kwa mafuta laini yanayoyeyuka, si grisi, na Leonidas alikuwa amesahau kuyanunua. Kampire akaleta samli. "Hiyo tule na viazi, mama," Edvina alisema, akatoa mkobani kopo lake la vaselini. Akalishika wakati wote fundi akipaka, akisoma ukuta, akifunga.

Siku gari liliposhushwa kutoka kwenye mawe, mvua ilikuwa imepumzika. Edvina akawasha, akasogeza gia. Halikwenda. Leonidas alifumba macho. Akaongeza mafuta ya giaboksi, akamwashiria tena. Gari likashtuka kidogo, kisha likajivuta mbele, likapita migomba, likapita kuku, Kampire akipiga vigelegele.

"Panda!" Edvina aliita.

Leonidas akaketi kiti cha abiria. Kwenye mlima gia ilibadilika yenyewe, ikagonga.

"Hiyo ya pili inagonga kidogo. Nitafungua tena."

"Utafungua mwakani."

"Edvina, nilitaka nikuambie, lile jambo la siku ile ya shati..."

"Kaliseme Rugera, kwa baba. Ndiko tunakokwenda."

Alipotupa jicho, Leonidas alikuwa amelala, mdomo wazi, mafuta meusi bado kwenye kucha. Huku kwetu mposaji hupelekwa ukweni na wazee wake, amenyooshewa nguo, amekaririshwa maneno. Huyu alipelekwa na mchumba wake mwenyewe, kwa ovaroli, anakoroma. Edvina alipunguza mwendo penye mashimo ili asimwamshe, mguu wake wa kushoto ukiwa umepumzika kando, akaendesha mpaka kwao.