Chanjo Si Nguo ya Kupunguzwa

Tangu azike kifungua mimba wake, fundi cherehani alishona huku machozi yakidondokea kitambaa. Wateja walijifanya hawaoni. Surua ilimchukua binti huyo wa miaka mitatu kwa siku tisa tu. Sasa alibaki na mdogo wa marehemu, wa miezi tisa, mgongoni.

Jirani yake muuguzi alileta sare irekebishwe kiuno.

"Dada, huyu naye siku yake ya chanjo ya surua imefika."

"Sitaki! Mimi ni fundi. Nguo ya mtu mzima ukiipunguza, mtoto haimkai. Na nyie mnajaribu dawa kwa wakubwa, mnapunguza kidogo, mnawadunga watoto."

"Looo! Kumbe hilo ndilo lililokuzuia?"

"Ndilo."

Muuguzi akavuta kigoda. "Hakuna anayepunguza tu. Chanjo mpya huanza kwa watu wazima wachache, kweli. Ikionekana salama, hushuka kwa watoto wakubwa, kisha wadogo, wazazi wakikubali. Kila umri hupimwa upya na kutafutiwa dozi yake. Kila homa huandikwa."

"Mwenye chanjo yake si atasema ni nzuri tu?"

"Ndiyo maana haaminiwi kwa mdomo. Mamlaka ya dawa hudai kumbukumbu zote, hukagua kiwanda, hupima faida na madhara, ndipo iruhusu. Na ikisharuhusu hailali. Mtoto akipata shida, tunajaza fomu na namba ya chupa. Wakiona hatari, wanasimamisha."

"Kwa hiyo haina madhara?"

"Sikudanganyi. Homa na vipele huja, hupita. Madhara makubwa yapo, ila ni nadra sana. Surua ndiyo inayoua..."

Muuguzi aliuma midomo. Lilishamtoka.

Fundi akashika tama. "Mbona hukuniambia miaka yote hiyo?"

"Hukuuliza, dada. Na mimi nikadhani unajua. Nisamehe."

Wakalia wote wawili, sare ikiwa chini sakafuni.

Kesho yake mtoto alichanjwa. Baada ya wiki alipata homa, ikapita. Miezi mitatu baadaye surua ilirudi mtaani, ikalaza watoto nyumba hadi nyumba. Wa fundi hakuugua. Watu wakampongeza, na pongezi zile zilimchoma kuliko rambirambi.

Mama mmoja akamuuliza kama naye ampeleke mwanawe kliniki.

"Mpeleke leo," fundi akamwambia. "Maswali yako kawaulize huko huko. Mimi langu nilikaa nalo moyoni, nikamzika nalo mwanangu."