Samaki Mwenye Macho Upande Mmoja

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mawazo alimsaidia shangazi yake Geneviève kupasua samaki. Walikaa nyuma ya nyumba yao ya kupanga huko Jabe, mtaa wa mji wa Warundi kando ya ziwa, kila mmoja kwenye kigoda chake, shangazi na kisu, Mawazo na bakuli la chumvi. Sangala alipasuliwa mgongoni, kuanzia mkiani hadi katikati ya kichwa, tumbo likaachwa limeshikana. Kisha alifunguliwa kama kitabu na kuanikwa. Ukimtazama kwa nje unaona ngozi na macho yote mawili yamekukodolea. Ukimgeuza unaona nyama nyeupe tu.

Mawazo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na shangazi walivuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, mwaka 1964, vita vilipowafikia. Baba yake, mvuvi, alisema angewafuata kesho yake. Sasa ulikuwa mwaka 1966, na kesho hiyo ilikuwa haijafika. Jioni milima ya Kongo ilionekana wazi ng'ambo ya ziwa, na ukaribu huo ndio uliomuumiza zaidi.

Shuleni alikaa peke yake kwenye dawati la watu wawili. Kirundi chake kilikuwa cha kuokoteza, na mikono yake ilinuka samaki hata aisugue kwa ndimu. Mvulana mmoja, Pierre, aliziba pua kila alipompita. Wengine hawakumfanyia ubaya wowote, ila hawakumwona. Nikwambie, msomaji, kuzibiwa pua ni afadhali kuliko kutoonekana.

Siku moja mwalimu wao, Bwana Hyacinthe, aliingia darasani na sanduku kubwa. Ndani yake mlikuwa na chupa za samaki waliohifadhiwa katika spiriti, mali ya daktari wa Kibelgiji aliyerudi kwao baada ya uhuru. Vibandiko vyote vilikuwa vimebanduka.

"Tutawapanga kwa ukoo," alisema mwalimu. "Si kwa ukubwa, wala si kwa rangi. Ndugu akae na ndugu yake. Siku ya wazazi tutawaonyesha."

Wanafunzi walitazamana. Mawazo peke yake ndiye aliyesogea mezani. Alichagua ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, akawaweka pamoja. Kisha akamsogeza mukeke, samaki mwembamba wa ziwani, karibu na sangala.

"Mbona hawafanani?" aliuliza Spès, msichana aliyekaa dawati la mbele.

"Ni ndugu. Angalia mapezi ya mugongo, na mudomo," alijibu Mawazo.

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Darasa zima likamzunguka Mawazo. Spès alimwegemea begani bila kujali harufu. Mawazo alijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani.

Ndipo Pierre akainua chupa ya mwisho. Samaki wake alikuwa bapa kama sahani. Upande mmoja ulikuwa wa kahawia wenye macho mawili, upande wa pili mweupe usio na jicho hata moja.

"Na huyu, fundi?"

Mawazo hakumjua. Angesema hivyo, mambo yangeishia hapo. Lakini tangu avuke mpaka hadi siku hiyo, hakuna mtoto aliyekuwa amemwuliza neno. Akakumbuka samaki wa shangazi waliofunguliwa juani.

"Ni sangala mudogo," alisema. "Amepasuliwa mugongoni. Baba yangu ndiye alimupasua, akamupatia yule daktari. Mi nilikuwa pale."

"Baba yako? Iko wapi sasa?" Spès aliuliza.

"Iko Uvira. Atakuja siku ya wazazi."

Kwa siku nne Mawazo hakukaa peke yake. Spès alihamia dawatini kwake na daftari zake zote. Kwa mwandiko wake mzuri aliandika kibandiko: "Sangala mdogo. Alipasuliwa na baba yake Mawazo, mvuvi wa Uvira." Yeye ndiye angekisoma mbele ya wazazi.

Siku ya Ijumaa mwalimu alimwachia Mawazo kazi ya kubadilisha spiriti wakati wa mapumziko. Alipomtoa yule samaki bapa alimpitishia kidole mgongoni, kama alivyozoea kwa wale wa nyumbani. Hakukuta mkato. Upande mweupe ulikuwa na ngozi yake na magamba yake madogo. Uti wa mgongo ulikuwa mzima katikati. Hakuna kisu kilichowahi kumgusa.

Alimrudisha upesi. Nani mwingine angemtoa? Akinyamaza, rafiki yake angebaki. Akisema, lile dawati lingerudi kuwa la mtu mmoja.

Jioni alikaa na chumvi mkononi bila kunyunyiza. "Shangazi, samaki akianza kuharibika, huwezi kumuweka chini ya wenzake?"

"Apana, mutoto wangu," alisema Geneviève. "Ukimuficha chini, kesho kapu yote inanuka. Wa kutupwa anatupwa leo." Alimtazama kidogo. "Kuna nini?"

"Hakuna, shangazi." Na hapo pia alidanganya.

Jumamosi asubuhi, kabla hata mwalimu hajakaa, Mawazo alisimama.

"Mwalimu, yule samaki hakupasuliwa. Sijui ni samaki gani. Baba yangu hakumushika. Na baba hatakuja. Hatujui iko wapi."

Pierre alicheka hadi mwalimu alipomtazama. Spès hakucheka. Alikusanya daftari zake, moja moja, akarudi dawati la mbele. Mawazo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bwana Hyacinthe alimtoa samaki akamlaza kwenye sahani. "Watu wa pwani humwita gayogayo. Ni wa baharini, ziwani kwetu hayupo. Alizaliwa na jicho huku na jicho huku, akaogelea wima kama samaki yeyote. Alipokuwa akikua jicho moja lilihama, likapita juu ya kichwa hadi upande wa pili. Ndipo akalala ubavu chini mchangani. Tangu hapo hivyo ndivyo anavyoishi."

"Basi ni ndugu wa taa, mwalimu?" aliuliza Pierre, ambaye aliwahi kumwona samaki huyo wa baharini kitabuni. "Yeye pia ni bapa."

"Ubapa tu si ukoo. Taa hulala kwa tumbo, hana mifupa migumu, na ndugu yake ni papa. Huyu hulala kwa ubavu, na mifupa anayo. Wataalamu wanafikiri wazee wa wazee wake walikuwa samaki wa kusimama wima, wa jamii ile pana ya sangala na mukeke." Akamgeukia Mawazo. "Nilijua, nikakuachia ugundue mwenyewe. Uliwahi kuwaona samaki wengi, ukamlinganisha huyu na wale unaowajua. Ulikosea, lakini hukukosea mbali. Uongo ndio uliokupeleka mbali. Chukua chupa uiweke karibu na sangala, uandike kibandiko kingine."

Siku ya wazazi Mawazo alisimama peke yake mbele ya chupa na kusoma: "Gayogayo. Nilidhani amepasuliwa. Nilikosea." Shangazi Geneviève alikuja na kitenge chake cha sikukuu. Aliinama, akamchungulia samaki mbele na nyuma.

"Huyu mi ningeanzia kisu wapi?" alisema kwa sauti, na wazazi wakacheka. Kisha akamshika mpwa wake bega. "Mutoto, kusema 'sijui' hakumufukuzi mutu. Mwenye kukupenda kwa sababu ya uongo hajakupenda we. Amependa ule uongo. Wa kweli atakutafuta."

Mawazo aliitikia kwa heshima, ingawa moyoni hakuamini.

Jumatatu iliyofuata alikaa dawatini kwake, akautazama ukuta. Spès alisimama kando yake, daftari kifuani.

"Nilikasirika sana," alisema. "Ungeniambia tu kama hujui baba iko wapi. Ningekaa na we hivyo hivyo."

"Sikujua," alisema Mawazo.

Spès alishusha daftari zake juu ya dawati, moja moja. "Haya, songa."

Mawazo akasonga.