Picha Iliyoziba Ufa

Wewe ulisikia kwamba kampuni ya mjini imepewa hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi, ya kibanio cha mwanzi. Ukasema hayakuhusu, ukaendelea kula. Basi kaa usikilize.

Kila asubuhi ya baridi, kabla ya shule, Dal-lae alimsaidia bibi yake, Ok-bun, kuanika mwani ufukweni mwa kisiwa cha Wando. Waliutandaza juu ya mikeka ya matete, kisha kila pembe wakaibana kwa kibanio cha mwanzi chenye kijiwe, upepo usije ukaipeperusha. Asubuhi hiyo wakili wa wanakijiji, Bi Maeng, alifika amenuna.

"Kampuni ya mjini sasa ndiyo mmiliki wa uvumbuzi wa kubana mikeka ya mwani kwa kibanio hiki. Mkiutumia bila ruhusa yao, mtashtakiwa."

"Uvumbuzi gani?" Bibi akafoka. "Hata mtoto wa chekechea angewaza hicho!"

"Baraza la hataza halitaki maneno hayo, Bibi. Linataka ushahidi wa kabla ya siku walipoomba: nini kilikuwa kinajulikana, na kwa nini mtu wa kazi hii angeunganisha hiki na kile. Nipe kibanio cha zamani."

Bibi hakuwa nacho hata kimoja. Kijijini, vyombo vilivyochakaa huchomwa kila mwaka kwenye moto wa mwezi mpevu wa kwanza, kufukuza mikosi. Walikuwa wameuteketeza ushahidi wao wenyewe, tena wakiimba.

Shuleni, mwanafunzi mwenzake, Gyu-tae, alimcheka Dal-lae. "Acha ubwege! Chonga kipya, kifukize moshi, kichore mwaka wa zamani. Nani atajua?"

Jioni Dal-lae akamletea Bibi kibanio cheusi. Bibi akakinusa.

"Moshi wa leo huu. We mtoto, unataka tuwe kama wao? Baraza likiubaini uongo huu mmoja, hata ukweli wetu hautasikilizwa!" Akakitupa motoni.

Kwa aibu, Dal-lae akageuzia macho ukutani. Pale ilining'inia kalenda kuukuu ya ushirika wa wavuvi, iliyoachwa izibe ufa. Pichani wanawake walikuwa wakikimbiza mikeka ya mwani iliyopeperuka. Nyuma yao samaki walianikwa kambani, kila mmoja amebanwa kwa mwanzi wenye kijiwe.

"Bibi, tazama! Mikeka inaruka, samaki wametulia!"

Bi Maeng alipoionyesha kalenda hiyo mbele ya baraza la hataza, mtu wa kampuni alidhihaki. "Mbona hakuna kibanio kwenye mkeka?"

"Hakihitajiki," Bi Maeng akajibu. "Kalenda hii iligawiwa kisiwa kizima kabla hamjaomba chochote. Shida hii hapa, dawa yake hii hapa, hatua tatu nyuma. Mwanikaji gani asingeichukua?"

Hataza ikafutwa.

"Haki yetu ilikuwa ukutani, tukapita tu," Bibi akamwambia mjukuu wake. "Ukijua una haki, tafuta ushahidi wa kweli mpaka uupate. Wa kughushi ungetuzamisha."

Na wewe, unangoja nini? Nyanyuka. Mwulize bibi yako anavyofanya kazi yake, piga picha, weka tarehe, ibandike watu wote waione. Leo hii, kabla hawajaja kumwuzia ruhusa ya kutumia mikono yake.